Geko Anapochimba: Namna ya Kumsoma na Kumchagulia Matandazo Salama

Mgeni anayeinama kuchungulia tangi la geko chui, yule mjusi wa madoadoa ambaye wataalamu humwita Eublepharis macularius, aghalabu huuliza kwa nini mnyama wa nchi kame hakumwagiwa mchanga. Swali hilo lina dhana ndani yake kwamba ukame na mchanga ni kitu kimoja, na dhana hiyo imewaponza geko wengi. Asili ya mnyama huyu ni Pakistani, Afghanistani na kaskazini-magharibi mwa India, ambako huishi kwenye vilima vya mawe na nyika zenye nyasi chache, juu ya udongo mgumu wa mfinyanzi uliochanganyika na changarawe. Mchana hujibanza chini ya mawe au ndani ya mashimo, na jua likizama ndipo hutoka kuwinda. Mchanga mtupu unaotiririka chini ya miguu si makazi yake. Kwa hiyo mfugaji anayetafuta matandazo, yaani kile kitakachotandikwa kwenye sakafu ya tangi, aanze na mnyama mwenyewe: anachimba saa ngapi, anachimba upande gani wa tangi, na akishamaliza kuchimba anafanya nini.

Si kila geko ni mchimbaji, na kabla ya kununua chochote ni lazima ujue uliye naye ni wa kundi gani. Jamii ya geko ina spishi zaidi ya 1,500. Katika jangwa la Namib yuko Pachydactylus rangei, mwenye utando kati ya vidole unaomsaidia kuchimba na kutembea juu ya mchanga mlaini, na huyo kweli anahitaji mchanga. Kusini mwa Afrika wapo pia geko wa jenasi ya Ptenopus, ambao hujichimbia mashimo yao wenyewe na madume yao huita majike jioni yakiwa kwenye mlango wa shimo. Kwa upande mwingine, mjusi kafiri wa kuta zetu hana haja ya kuchimba: hutaga mayai yenye ganda gumu kwenye nyufa na nyuma ya mbao, nayo hayahitaji kunywa unyevu kutoka ardhini. Vivyo hivyo yule geko mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza mkoani Morogoro, Lygodactylus williamsi, huishi juu ya mikadi na kushuka chini kwake ni nadra. (Huyo wa mwisho yumo katika hatari kubwa ya kutoweka, kwa kiasi fulani kwa sababu ya wafugaji wa ng'ambo waliokuwa wakimnunua, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Anayeuziwa geko asiye na karatasi za kuthibitisha kuwa alizaliwa kwa wafugaji, asimnunue.)

Geko chui yuko katikati ya makundi hayo. Miguu yake haina vile vibandiko vinavyomwezesha mjusi kafiri kutembea darini. Ana kucha fupi zinazofaa kukwarua udongo na kupanda mawe. Mayai yake yana ganda laini, la ngozi, linalofyonza maji kutoka kwenye udongo yalimofukiwa, na yakiachwa mahali pakavu hunywea na kuharibika. Jike asipopata udongo wenye unyevu hana pa kutagia, na hapo ndipo penye chanzo cha sehemu kubwa ya uchimbaji ambao wafugaji wapya hudhani ni ukorofi au wazimu. Hata geko wa New Caledonia mwenye nyusi za miiba, Correlophus ciliatus, ambaye maisha yake yote ni ya matawini, jike lake hushuka chini kuchimba linapofika wakati wa kutaga.

Kuusoma uchimbaji

Geko chui anapochimba kwa nia huanza kwa kunusa na kuramba udongo, kisha hukwarua kwa mguu mmoja wa mbele mara kadhaa kabla ya kubadilisha na kutumia mwingine, na udongo unaporundikana chini ya tumbo huusukuma nyuma kwa miguu ya nyuma. Kila baada ya muda husimama, huingiza pua kwenye shimo, huramba tena, halafu ama huendelea ama huhama sentimita chache na kuanza upya. Huko kuramba na kuhama ndiko kwa kutazamwa kwa makini, kwa maana kunaonyesha kwamba anapima kitu, na mara nyingi kitu hicho ni joto au unyevu.

Akichimba upande wenye joto, na hasa akichimba mchana badala ya usiku, shuku kwanza joto lenyewe. Chukua kipimajoto cha miale, kile kinachoelekezwa mahali bila kugusa, upime uso wa matandazo pale anapolala. Upande wa joto panapaswa kuwa nyuzijoto 32 hadi 35, na upande wa baridi nyuzijoto 22 hadi 26. Ukikuta 40, geko wako anajaribu kuukimbia moto kwa kwenda chini, jambo ambalo porini lingemwokoa, lakini ndani ya tangi lililobandikwa chini yake mkeka wa joto wa umeme linampeleka moja kwa moja kwenye kile anachokikimbia. Nitalirudia suala hilo la mkeka hapo mbele, kwa kuwa kwa maoni yangu linadhuru kuliko aina yoyote ya udongo.

Akichimba upande wa baridi au kwenye kona ya bakuli la maji, na rangi yake imefifia na ngozi kuwa ya kijivu, anatafuta unyevu wa kumsaidia kujivua ngozi. Dawa yake ni pango lenye unyevu: kisanduku cha plastiki chenye kifuniko, kilichotobolewa mlango usio na kingo kali na kuwekwa ndani sfagnamu, ule mmea laini wa vinamasini unaoshika maji mengi na huuzwa ukiwa umekaushwa, au tishu za jikoni zilizoloweshwa na kukamuliwa. Kiweke katikati ya tangi, kati ya joto na baridi, na ukinyunyizie maji kila kinapoanza kukauka. Tangi kwa jumla libaki kavu, unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 30 na 40.

Jike aliyekomaa akichimba hapa na pale kwa usiku kadhaa mfululizo, akiacha mashimo nusunusu, akipunguza kula huku tumbo likizidi kujaa, mnyanyue kwa upole juu ya chombo cha kioo umtazame kwa chini. Ngozi ya tumbo ni nyembamba kiasi kwamba mayai mawili huonekana kama vivuli vyeupe vya mviringo, kimoja kila upande. Usijidanganye kwamba hawezi kuwa na mayai kwa sababu hajawahi kukutana na dume; majike hutaga mayai yasiyo na mbegu pia, na hatari ni ile ile. Mwandalie sanduku la kutagia lenye mchanganyiko wenye unyevu wa kina cha sentimita 8 hadi 10, liweke sehemu yenye uvuguvugu, na umwachie faragha. Jike asiyeona pa kutagia huweza kuyazuia mayai ndani hadi yakamkwama, na hiyo ni dharura ya daktari wa wanyama wala si jambo la kusubiri kesho kutwa.

Ziko sababu nyepesi zaidi. Geko aliyeletwa nyumbani juzi huchimba kwa sababu anakagua mahali papya na anatafuta pa kujificha; mpe mapango yasiyopungua matatu, moja upande wa joto, moja la unyevu, moja upande wa baridi, na kwa kawaida hutulia. Wengine huchimba kwa sababu nyenje waliyepewa kama chakula amejichimbia chini. Na wengine, hasa waliopewa udongo wa kina baada ya kukaa muda mrefu juu ya vigae, huchimba kwa sababu sasa wanaweza, wakajitengenezea kishimo chini ya jiwe na kulala humo kwa siku nyingi. Huyo mwache alivyo.

Kukwarua kioo si kuchimba, ingawa hufanana. Geko anayesimama wima pembeni mwa tangi na kupiga kioo kwa miguu ya mbele usiku kucha huwa ameona taswira yake mwenyewe, au ana mwenzake anayemsumbua, au nafasi haimtoshi. Geko chui aliyekomaa apewe tangi la sentimita 90 kwa 45 au kubwa zaidi, na akae peke yake. Kubandika karatasi nyeusi upande wa nje wa kioo mara nyingi humaliza tatizo la taswira kwa gharama ya senti chache.

Matandazo: ya kukataa na ya kukubali

Nianze na ya kukataa. La kwanza ni mchanga wa kalsiamu, ule wa rangi rangi unaouzwa madukani kwa ahadi kwamba mnyama akiumeza utayeyuka tumboni. Ahadi hiyo ina kasoro mbili. Chembe zake hushikamana zikilowa, na ndani ya utumbo kila kitu kimelowa. Pili, kalsiamu kaboneti hupunguza ukali wa tindikali ya tumbo, ambayo ndiyo ingetarajiwa kuiyeyusha. Isitoshe, kwa sababu una kalsiamu, geko mwenye upungufu wa madini huvutwa kuuramba. Unauzwa kama dawa, lakini katika orodha yangu uko juu kabisa miongoni mwa vitu vya kuepukwa.

Maganda ya karanga na jozi yaliyosagwa yana ncha kali na hayayeyuki tumboni. Maranda ya mbao, yaliyozoeleka kwenye mabanda ya kuku, hayafai hapa, hususan yale ya mierezi na misonobari ambayo hutoa mafuta yenye harufu yanayowasha njia ya hewa. Kokoto ndogo zinazoingia mdomoni zisitumike. Kapeti la plastiki lililofumwa hunasa kucha na meno, na uchafu hujikusanya katikati ya nyuzi zake hata ukilifua. Udongo wa maua wa mifuko mara nyingi umetiwa mbolea pamoja na zile punje nyeupe za pelaiti. Usome mfuko kabla ya kuununua. Mchanga wa ufukweni, unaowajia upesi akilini wafugaji wa Mombasa, Zanzibar au Muscat kwa kuwa uko karibu na haulipiwi, una chumvi na vipande vya makombe vyenye makali, na kuusuuza maji hakuondoi makombe hayo.

Ya kukubali yamegawanyika mafungu mawili, yasiyo ya chembechembe na ya chembechembe.

Fungu la kwanza ni tishu za jikoni, karatasi, vigae vya udongo na mawe bapa. Tishu za jikoni hazina uzuri wowote, lakini kwa geko mgeni hazina mpinzani. Kila geko mpya, hata aliyenunuliwa kwa mfugaji unayemwamini, akae juu ya tishu kwa miezi miwili au mitatu ya kwanza, ili kinyesi chake kionekane, kihesabiwe na kipelekwe kupimwa vimelea. Sababu kubwa ni kriptosporidiamu, kimelea kinachokondesha mkia wa geko mpaka ukabaki kama kijiti na ambacho dawa nyingi za kawaida za kuulia viini hazikiwezi. Kikishaingia kwenye udongo wa tangi, udongo wote ni wa kutupwa, na mbao na magome pia. Geko mgonjwa, geko anayeuguza jeraha na watoto wachanga ambao bado hawana shabaha ya kukamata mdudu pasipo kubugia kilicho chini yake, wote hao mahali pao ni juu ya karatasi.

Vigae vinafaa kwa maisha yote iwapo mfugaji atakubali kumpa geko pa kuchimba kwa njia nyingine. Chagua vyenye uso mkwaruzo kidogo, kwa kuwa vilivyong'arishwa humtelezesha na havisugui kucha. Vikate vienee hadi ukutani, maana nyenje hupenda ufa, na juu yake weka trei pana yenye udongo wa kina cha sentimita 10 hivi, ili apate uwanja wake wa kuchimbia. Mpangilio huu, kigae pamoja na trei, ndio ninaompendekezea mtu anayefuga kwa mara ya kwanza.

Fungu la pili ni mchanganyiko wa udongo, na huo ndio unaokaribia ardhi ya asili. Utahitaji udongo wa juu usiotiwa mbolea wala dawa, na mchanga safi uliooshwa wa aina inayouzwa kwa viwanja vya michezo ya watoto. Changanya vipimo 7 vya udongo kwa 3 vya mchanga. Ukipata unga wa udongo wa mfinyanzi usio na kemikali, unaweza kuongeza kidogo ili mashimo yasiporomoke. Tangi la sentimita 90 kwa 45 likijazwa kina cha sentimita 8 humeza lita 32 hivi, yaani takriban lita 23 za udongo na lita 10 za mchanga. Uzito wake huweza kufika kilo 40 bila kuhesabu kioo na mawe, kwa hiyo angalia meza kabla hujaangalia kitu kingine chochote.

Nyunyizia maji huku ukichanganya, kisha chukua konzi moja na uifumbate. Ukifungua kiganja, donge linapaswa kubaki zima likiwa na alama za vidole vyako. Likimwagika, ongeza maji, na likitoa matone, ongeza udongo mkavu. Lijaze tangi, ulishindilie kwa kiganja au kipande cha ubao mpaka uso wake uwe imara, halafu uwashe taa na kuliacha likauke kwa siku kadhaa kabla ya kumrudisha mnyama. Kukausha huku ndiko kunakoyafanya matandazo kuwa magumu kama sakafu ya nyumba ya udongo, na geko anayekamata mdudu juu ya uso wa namna hiyo huondoka na mdudu peke yake, au na vumbi dogo ambalo mnyama mwenye afya hulitoa kwa njia ya kawaida. Udongo uliomwagwa mkavu na kuachwa tifutifu ni kitu tofauti kabisa, ijapokuwa umetoka kwenye mfuko ule ule.

Usumba na vumbi la makumbi ya nazi, ambavyo watu wa pwani hawahitaji kuvinunua mbali, hufaa sana kwa geko wa misitu yenye unyevu na kwa sanduku la kutagia. Kwa tangi zima la geko chui si chaguo langu, kwa sababu vikikauka huwa vyepesi, hutoa vumbi, na nyuzi zake ndefu huning'inia mdomoni pamoja na windo.

Joto, mawe na kalsiamu

Mkeka wa joto uliobandikwa chini ya tangi ulibuniwa kwa sakafu nyembamba. Ukiufunika kwa udongo wa sentimita 8, joto hunaswa chini na halifiki juu. Mfugaji anayepima uso hukuta baridi, huongeza nguvu, na kioo cha chini huendelea kuwaka hadi siku geko atakapokifikia kwa kuchimba na kuungua tumbo. Mwenye matandazo ya kina atumie taa au kifaa cha joto kinachoning'inia juu, nje ya uwezo wa mnyama kukigusa. Anayebaki na mkeka abaki pia na karatasi au vigae. Katika hali zote mbili kidhibiti joto ni cha lazima, na kichunguzi chake, yaani kile kinachopima joto, kifungwe mahali ambapo mnyama hawezi kukifukua.

Kila jiwe, gogo au pango zito lisimame juu ya sakafu ya tangi yenyewe, si juu ya udongo. Geko hapimi uzito wa kilicho juu yake anapochimba. Hufukua upande mmoja, jiwe likaegemea, na likamlalia. Weka mawe kwanza, yatikise kwa mkono, na ukishahakikisha hayachezi ndipo umwage udongo kuyazunguka.

Kuhusu utumbo kuziba, ambako ndiko kunakotajwa na wote wanaoogopa udongo, ukweli ni kwamba udongo mara chache hufanya kazi hiyo peke yake. Geko asiyepata joto la kutosha tumboni hashindwi kusaga udongo tu, hushindwa kusaga hata funza wa unga. Aliyekaukiwa maji mwilini utumbo wake hauteleshi. Aliyepungukiwa kalsiamu misuli yake hulegea, ukiwemo ule wa utumbo, na tena huanza kula udongo kwa makusudi akitafuta madini. Kwa hiyo wadudu wapakwe unga wa kalsiamu na vitamini D3 kwa ratiba, maji yabadilishwe kila siku, na kizibo kidogo chenye kalsiamu tupu kikae ndani ya tangi. Ukimwona anabugia udongo pasipo mdudu mbele yake, mhamishie kwenye karatasi siku hiyo hiyo na utafute kinachokosekana. Wadudu watambao kama funza walishwe kwenye bakuli lenye kingo laini, na nyenje wapewe kwa koleo iwapo mnyama amezoea.

Kusafisha si kazi kubwa, kwa sababu geko chui huchagua kona moja na kuifanya choo chake. Weka kigae kidogo au kipande cha tishu kwenye kona hiyo, uondoe kinyesi kila unapokiona pamoja na udongo ulioguswa, na ubadilishe matandazo yote kila baada ya miezi michache au mara moja yanapotoa harufu. Nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kuyagusa, kwani reptilia hubeba salmonela (bakteria waletao maradhi) hata wakiwa wazima kabisa.

Mpeleke kwa daktari wa wanyama bila kusubiri ikiwa amepitisha siku nyingi kuliko kawaida yake bila kupata choo, tumbo limevimba au lina kivuli cheusi, anajikamua bila kutoa kitu, anaburuta miguu ya nyuma, au ni jike aliyekuwa akichimba kwa bidii kisha akanyamaza ghafla na kulegea ilhali hujaona yai. Ukiwa njiani kutafuta huduma unaweza kumweka kwenye maji ya uvuguvugu ya kina kisichozidi viwiko vyake kwa dakika 15, lakini usimnyweshe mafuta wala dawa ya kuharisha ya binadamu. Beba pamoja naye kinyesi cha mwisho alichotoa, konzi ya matandazo ndani ya mfuko safi, na karatasi yenye vipimo vya joto vya pande zote mbili za tangi. Daktari atakayepiga eksirei atataka kujua anachokiona ndani ya tumbo kimetoka wapi.